Bonyeza Mbili kwa Malalamiko

Simu ya chumba cha mafaili ililia mara tano asubuhi ile, na mwanamke aliyekuwa ameketi hatua tatu kutoka ilipo hakuinyanyua hata mara moja. Hakuwa kiziwi wala mvivu. Alikuwa ameagizwa. "Hiyo iache ilie tu," meneja alimwambia siku alipomhamishia humo. "Ukiinyanyua unaniharibia takwimu." Kwa hiyo aliigeuza simu ikatazama ukuta, asikione kitaa chake chekundu kikipepesa, akaendelea kupanga mafaili ya wateja wa zamani.

Ofisi nzima ilimwita Opereta, maana kwa miaka kumi na saba ndiye aliyekaa kwenye swichibodi ya kampuni hiyo ya gesi ya kupikia. Sasa kulikuwa na mtambo mpya. Mteja akipiga alipokelewa na sauti ya kike iliyorekodiwa, tamu kama ya mtu asiyewahi kudaiwa kitu: bonyeza moja kwa mauzo, bonyeza mbili kwa malalamiko, bonyeza tatu kwa nafasi za kazi. Moja ililia kwenye meza sita kwa mpigo. Tatu ilijibiwa na sauti nyingine iliyosema hakuna nafasi. Mbili ililia chumba cha mafaili.

Aliyepanga hivyo ni meneja wa huduma, ambaye wafanyakazi walimpa jina la Asilimia kwa sababu hata chai aliagiza ijazwe asilimia themanini. Kila mwezi alipeleka ripoti kwa mwenye kampuni. Katika ripoti hizo lalamiko lilihesabiwa pale tu mtu alipopokea simu na kuliandika. Asipokuwepo wa kupokea, lalamiko halikuwepo. Kwa wiki saba malalamiko yalikuwa yakishuka kama maji kwenye mteremko, na Asilimia alikuwa ameanza kuvaa tai hata Jumamosi.

Saa sita Opereta alitoka kwenda kula. Getini mlinzi alimpa simu yake ya mkononi kutoka kwenye sanduku la mbao, maana wafanyakazi wa ndani hawakuruhusiwa kuingia nazo.

"Dada, simu yako leo imenitoa jasho," mlinzi alisema. "Imelia, imelia. Nikasema nikiipokea mimi, mumeo atauliza huyu mwanaume ni nani."

Akacheka. Opereta naye alikuwa anaanza kucheka alipotazama kioo. Mumewe alikuwa amepiga mara tatu. Jirani alikuwa amepiga mara nane. Akampigia jirani.

"Njoo hospitali," jirani alisema. "Usipitie nyumbani."

*

Mumewe alikuwa mshonaji. Alishonea barazani, mbele ya vyumba vyao viwili, na watu walimpelekea vitambaa kutoka mitaa ya mbali kwa sababu kola zake zilikaa shingoni bila kubishana. Opereta alimkuta wodini, mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka viwiko, imelazwa juu ya mito miwili kama vitu alivyoachiwa avitunze. Nyusi zake hazikuwepo tena. Mama yake, ambaye aliishi nao na ambaye mguu mmoja ulikuwa umemlegea tangu augue kiharusi, alikaa kwenye stuli kando ya kitanda.

"Gari la kampuni yenu lilileta mtungi saa tatu," mumewe alieleza polepole, maana midomo nayo ilikuwa imepasuka. "Nilipoufunga kwenye jiko, koki ikaanza kuvuma. Nikaifunga, haikufungika. Mtungi wenyewe umeandikwa: gesi ikivuja usiuguse, piga simu namba hii. Nikakupigia wewe kwanza. Nikajua simu yako iko getini. Nikapiga ofisini, nikabonyeza mbili."

"Halafu?"

"Iliita, ikaweka muziki, mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nilipiga mara tano. Nikasema labda leo wana watu wengi. Lakini harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima, na mama amelala ndani. Nikaona nikimtoa mama kwa mguu ule tutachelewa. Nikaubeba mtungi niutoe nje." Akaitazama mikono yake. "Pasi ya mkaa ilikuwa barazani. Nilidhani imezimika."

"Ulipiga saa ngapi?"

"Saa nne na kidogo."

Opereta angeweza kunyamaza. Hakuna hata mmoja pale aliyejua simu hiyo huwa inalia wapi; wote walidhani ofisini ni mahali pamoja pakubwa penye watu wengi. Akaushika upande wa kitanda.

"Ililia chumbani kwangu," alisema. "Nilikuwa nimekaa nayo. Niliisikia mara zote tano."

Mumewe alifumba macho. Mama mkwe ndiye aliyesema.

"Na mkono wako ulikuwa wapi?"

"Nilikatazwa, mama."

"Sijauliza nani alikukataza. Nimeuliza mkono wako ulikuwa wapi."

Kuanzia hapo mama mkwe hakumsemesha tena. Alipotaka maji aliyaomba kwa muuguzi.

*

Kesho yake asubuhi Opereta aliingia chumba cha mafaili, akaigeuza ile simu, akabonyeza kitufe cha kuonyesha simu zisizopokelewa. Namba ya mumewe ilikuwepo. Saa nne na dakika kumi. Kumi na nne. Ishirini na mbili. Thelathini na tano. Hamsini na moja. Akakaa chini. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kulikuwa na dakika arobaini na moja. Gari la mafundi lingeweza kutoka yadi ya kampuni, kufika kwao na kurudi.

Alipoendelea kubonyeza aliona namba nyingine nyingi, ukurasa kwa ukurasa, za watu asiowajua.

Aliandika barua akieleza kilichotokea na kuomba kampuni isimamie matibabu. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, limewekwa juu ya meza yake bila bahasha, kila mpita njia aweze kulisoma. Lilisema kampuni inampa pole. Lilisema kumbukumbu zinaonyesha hakuna lalamiko lililopokelewa kutoka kwa mteja huyo siku ile. Lilisema mteja alihamisha mtungi mwenyewe, kinyume cha maelekezo, akaupitisha karibu na moto. Chini kulikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini: punguzo la nusu bei kwa mtungi utakaofuata.

Opereta alikwenda nalo moja kwa moja hadi ofisi ya Asilimia. Meneja alikuwa anakata kucha.

"Bosi, hapa mmeandika hakuna lalamiko lililopokelewa."

"Ndivyo ilivyo."

"Mume wangu alipiga mara tano. Namba yake iko kwenye simu, na saa zake. Njoo uone."

Asilimia aliweka kikata kucha mezani, akaongea naye kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Simu kulia si lalamiko. Lalamiko ni lile lililosajiliwa. Sasa hebu niambie, ofisa aliyekuwa chumba kile saa hizo, alisajili?"

"Ofisa ni mimi."

"Ulisajili?"

"Ulinikataza."

"Kuna mahali nimekuandikia hivyo?" Alingoja. "Hakuna. Kwa hiyo mtu akilifufua jambo hili, mama, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Mimi nakusitiri. Chukua lile punguzo, kaa na mgonjwa wako."

Opereta alirudi chumbani kwake akafunga mlango. Hakulia. Machozi yalifika karibu yakarudi, na mahali pake pakaja kitu kikavu, kigumu, ambacho alikijua kwa jina ingawa hakuwahi kuwa nacho.

*

Mumewe alirudishwa nyumbani wiki ya tatu. Daktari alisema mkono wa kushoto utapata vidole viwili vya kufanyia kazi. Wa kulia utabaki umekunjamana kama jani lililopita karibu na jiko. Wateja walikuja kumpa pole, na wakiondoka waliomba, kwa aibu, warudishiwe vitambaa vyao. Mmoja alikuta shati lake lina mkono mmoja tu. Alilichukua hivyo hivyo. Mshonaji aliwaelekeza mkewe na mama yake kila kitambaa kilipo, kwa kidevu, na hakulalamika. Jambo lililomshinda ni vifungo. Kila asubuhi mkewe alipomfunga shati, aligeuza uso akatazama mlango.

Siku moja, baada ya mteja wa mwisho kuondoka, mama mkwe aliiona barua ya kampuni juu ya cherehani. Akamwita jirani amsomee. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka kile kikaratasi cha pini.

"Nusu bei," alisema. "Wametupa punguzo la kuungua."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku ishirini na mbili. Alimgeukia mkwe wake.

"Njoo ukae hapa, mwanangu. Huyo bosi niliyekusikia ukimsimulia mwanangu, yule anayekata kucha, nieleze habari zake. Zote."

Opereta alimweleza. Alimweleza kuhusu ripoti, asilimia, tai ya Jumamosi. Alimweleza kwamba Alhamisi ya mwisho wa mwezi mwenye kampuni mwenyewe, mjane mmoja mzee aliyeanza biashara hiyo na marehemu mumewe, atakuja kusikiliza ripoti, na kwamba Asilimia anatarajia kupandishwa kuwa mkurugenzi. Mama mkwe aliuliza maswali machache tu. Simu inaingiaje? Nani anaiambia iende wapi? Je, inaweza kuambiwa iende kwingine?

"Inaweza," Opereta alisema. "Fundi alipofunga mtambo nilikaa naye siku tatu kumwonyesha waya za zamani. Na yeye akanionyesha. Unabonyeza nyota, saba, mbili, halafu namba ya chumba unachotaka. Basi. Simu zote zinahamia huko."

"Mpaka kwenye chumba cha mkutano?"

Opereta alimtazama. Mumewe naye, kwenye kiti chake, aligeuza kichwa.

"Kile chumba kina simu ya duara katikati ya meza," Opereta alisema polepole. "Yenye spika. Ukiiseti, inapokea yenyewe."

"Ataisoma namba," mama mkwe akasema, na kwa mara ya kwanza tangu moto ule wakacheka, wote wawili, cheko fupi lisilo na furaha ndani yake. Mshonaji hakucheka.

"Na ukifukuzwa?" aliuliza.

"Nitafukuzwa nikiwa nimefanya kitu," mkewe alijibu. "Siku ile sikufukuzwa, na tazama."

*

Zilibaki siku kumi na moja. Opereta alileta daftari kubwa kutoka nyumbani, akafunga mlango wa chumba cha mafaili, na simu ilipolia aliinyanyua.

Mtu wa kwanza hakuamini. "Halo? Wewe ni mtu au mashine?"

"Ni mtu, mama. Nakusikiliza."

Alikuwa mama lishe aliyepiga kwa siku tisa mfululizo. Baada yake alikuja mwalimu aliyeuziwa mtungi nusu tupu, kisha baba mmoja mwenye watoto wanne aliyezoea kupikia nje hata mvua ikinyesha kwa kuogopa kile kitu kinachovuma jikoni. Wale ambao gesi yao ilikuwa inavuja hakuwaacha wasubiri hata dakika moja. Aliwaambia wazime kila moto, wafungue madirisha, watoke nje, kisha aliwapigia mafundi wa yadi, ambao waliijua sauti yake kwa miaka kumi na saba na hawakuuliza amri hiyo imetoka wapi. Wengine wote aliwaandika kwenye daftari, na kila mmoja alimwambia maneno yale yale.

"Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, piga tena, bonyeza mbili. Atakayekusikiliza ni meneja mwenyewe. Ukikuta foleni usikate. Na ukiwa na jirani mwenye shida kama yako, mwambie."

Kufikia Jumatano alikuwa ameandika majina mia moja na arobaini. Hakuwa na hakika wangapi watapiga. Usingizi wake ulikuwa mzuri kuliko wakati wowote tangu ajali, na jambo hilo lilimshangaza kidogo.

Alhamisi saa tatu na nusu alitumwa kupeleka mafaili kwenye chumba cha mkutano. Akayapanga moja moja mbele ya kila kiti. Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha simu ya duara mpaka taa ya kijani ikawaka, yaani sasa inapokea yenyewe. Akarudi kwake, akangoja mpaka ikakaribia saa nne, akanyanyua mkonga wa simu ya mafaili, akabonyeza nyota, saba, mbili, na namba ya chumba cha mkutano. Ikalia mlio mmoja mfupi wa kukubali. Kisha akachukua faili moja aliloliacha makusudi, apate sababu ya kurudi.

*

Opereta aliingia nalo, akamkuta Asilimia amesimama mbele ya ubao, tai imemkaa vizuri. Mjane alikaa mwisho wa meza, fimbo yake imeegemezwa kwenye kiti, na pande zote mbili wakurugenzi wanne.

"Kwa hiyo katika robo hii," Asilimia alikuwa anasema, "malalamiko yameshuka kwa asilimia tisini na mbili. Naweza kusema wateja wetu kwa sasa hawana—"

"Halo?" ilisema meza.

Wote wakaitazama simu.

"Halo, ni meneja? Nimeambiwa leo nitaongea na meneja. Mtungi wangu nimeununua Jumatatu, Jumatano umekwisha. Mmeniuzia upepo."

Asilimia alitabasamu, akainama, akabonyeza kitufe cha kukata. "Samahani. Laini zimegongana kidogo."

"Halo," ilisema meza kwa sauti nyingine, ya mwanaume. "Nimepiga wiki tano. Wiki tano nasikiliza muziki wenu. Huo muziki sasa mtoto wangu anauimba."

Alikata. Ikaingia ya tatu. Akakata. Ya nne ikaanza kabla hajaondoa kidole. Mtambo ulikuwa mzuri, fundi hakudanganya: mtu mmoja akitoka kwenye foleni, anayefuata anaingia bila kupoteza nukta. Asilimia aliangalia huku na huko, akamwona Opereta amesimama mlangoni na faili kifuani, akaelewa. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza, soli za viatu vyake zikabaki zinaonekana, akachomoa waya.

Kimya.

"Rudisha," mjane alisema.

"Mama, ni hitilafu tu, nitamwita fundi—"

"Nimesema urudishe waya. Nataka kusikia."

Akarudi chini ya meza. Alichukua muda mrefu kuliko alipochomoa, na mkurugenzi mmoja alilazimika kusogeza miguu. Alipoibuka goti la suruali lilikuwa na vumbi, na tai ilikuwa imegeukia begani. Hakuna aliyemwambia.

Walisikiliza kwa saa moja na dakika kumi. Mjane alikataza mtu yeyote asijibu ila Asilimia, na Asilimia alijibu, "Ndiyo, mama," "Samahani, mzee," "Nitaliangalia," mpaka sauti ikamkauka. Opereta hakuambiwa akae wala atoke. Alisimama mlangoni muda wote huo na hakuchoka. Alikuwa akimtazama shingoni, pale jasho lilipokuwa linaingia kwenye kola, na kila tone lilimwingia yeye kama maji ya kunywa.

Ya thelathini na tatu ilikuwa sauti ya mwanamke mzee.

"Mimi sina mtungi," ilisema. "Ulilipuka. Mwanangu aliwapigia mara tano siku ile, mkaandika hakupiga. Alikuwa mshonaji. Leo asubuhi nimemlisha uji kwa kijiko, na ana miaka arobaini na sita. Nimepiga nisikie sauti yako tu. Sema kitu."

Asilimia aliitafuta tai yake kifuani, akaikuta begani.

"Basi," mama mkwe alisema, na akakata mwenyewe.

*

Mjane aliwatoa wakurugenzi, akabaki na Opereta na Asilimia. Alimsikiliza Opereta akieleza habari za chumba cha mafaili na za ile barua, akachukua daftari alilomletea, akalipitia ukurasa kwa ukurasa kwa kidole.

"Ulijua habari za chumba hicho tangu lini?" alimwuliza Opereta kwanza.

"Tangu wiki saba kabla ya mume wangu kuungua, mama."

"Ungesema."

"Ningesema kwa nani? Nilikuwa na simu moja, na ndiyo niliyokatazwa."

Mjane hakubishana. Alimgeukia Asilimia. Asilimia alianza kusema yuko tayari kujiuzulu, na lilionekana ni jambo analolitamani.

"Hujiuzulu," mjane alisema. "Ukijiuzulu utapata kazi kwingine kabla mwezi haujaisha, na ripoti nzuri mkononi. Wewe utapokea simu. Kila anayebonyeza mbili ataingia kwako. Mchana mezani, jioni kwenye simu yako ya mkononi, Jumapili pia. Ukiacha hata moja ikakata, daftari hili nalipeleka polisi pamoja na barua uliyoiandikia familia hii. Baada ya mwezi tutaona kama mzigo ugawanywe." Akamtazama Opereta. "Unajua kuiseti?"

"Najua, mama."

"Iseti."

Aliiseti mbele ya mjane, akamwomba Asilimia namba yake ya mkononi tarakimu moja moja, na akamrudisha nyuma mara mbili ingawa alikuwa amesikia.

Kampuni ilisimamia matibabu. Opereta alirudi kwenye swichibodi, akapewa funguo za mtambo wote. Mwezi ukaisha. Mjane alikuwa ameshasahau, na wa kumkumbusha alikuwa Opereta. Hakumkumbusha.

Wiki ya saba Asilimia alikuja kwenye meza yake. Alikuwa amepungua, na shati lilikuwa limefungwa kifungo kimoja juu zaidi ya kingine. Zamani alimwita "wewe wa mafaili." Sasa alisema, "Dada."

"Nakusikiliza, bosi."

"Mama alisema mwezi ukiisha zigawanywe. Jana nimepokea sitini. Mke wangu amehamia chumba cha watoto. Niondolee japo Jumapili."

"Sijaagizwa."

"Si unaweza tu kubonyeza? Hakuna atakayejua."

"Hilo ni lalamiko," Opereta alisema. "Malalamiko yanasajiliwa kwa simu. Piga, bonyeza mbili."

Alisimama akimtazama. "Itanilia mimi mwenyewe."

"Angalau utapokelewa."

*

Jumapili mchana alisimulia nyumbani. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu, akamwomba arudie lile neno la mwisho, akacheka tena. Mshonaji alikuwa kwenye kiti chake cha barazani. Bandeji zilikuwa zimeondolewa. Mkono wa kulia aliufunika kwa kitambaa watu wasiutazame.

"Kwa hiyo anapokea?" aliuliza.

"Anapokea."

"Hata leo?"

"Hata leo. Hata sasa hivi."

Kisha akasema, "Mama, nipigie."

Katika miezi yote hiyo hakuwahi kuomba hivyo. Alhamisi ile mama yake alimbembeleza aongee, akakataa, akasema hana la kumwambia mtu huyo. Mama mkwe alibonyeza namba bila kuuliza, akasikiliza ile sauti tamu, akabonyeza mbili, akamwekea mwanawe simu kati ya vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mlio wa pili haukumalizika.

"Huduma kwa wateja, habari za mchana." Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka hadi mifupani. Nyuma yake sahani zilikuwa zinagongana, mtoto anaomba kitu. "Halo?"

"Koki inavuma," mshonaji alisema. "Nimeifunga, haifungiki."

Opereta aligeuka. Jikoni kwao hakukuwa na mtungi. Tangu siku ile walipikia mkaa.

Upande wa pili kiti kilisukumwa. "Sawa, tulia. Mtungi uko ndani au nje?"

"Ndani. Jikoni."

"Usiuguse. Usiubebe hata kidogo. Kuna moto wowote karibu?"

"Ipo pasi ya mkaa barazani. Nadhani imezimika."

"Usiiamini. Imwagie maji. Wewe uko peke yako?"

"Mama yangu amelala chumbani. Mguu wake mmoja haufanyi kazi."

"Mwite jirani msaidiane kumtoa kwanza. Mtungi uache. Mafundi wanatoka sasa hivi, ndani ya dakika ishirini wako kwako." Alikuwa anaandika, kalamu ilisikika. Aliuliza kila kitu kwa utaratibu, bila kuruka, kama mtu aliyekwisha kuijua kazi yake. "Nipe jina la mtaa na namba ya nyumba."

Mshonaji alimpa jina la mtaa. Akampa namba ya nyumba, ile ile iliyoandikwa juu ya barua ya kampuni, taratibu, tarakimu moja moja.

Kalamu ilisimama. Sahani ziliendelea kugongana, na mtoto akarudia ombi lake, na hakuna aliyemjibu. Mshonaji aliibana simu sikioni kwa vile vidole viwili na hakukata. Alikuwa na mchana mzima, naye alingoja.